Betri Zilizoanikwa Juani

Mwaka 1979 rafiki yangu Laurensia, wa Kaisho, alikuwa na mwana vitani, Anastazi. Kwa hofu ya kupitwa na habari zake, alishinda na redio sikioni hata maharage yakaungua.

“Mama Anastazi, hiyo redio utaanza lini kuinyonyesha?” mumewe alimtania.

Siku moja betri ziliishiwa nguvu. Alizitoa zote nne, akazianika juani kwenye mkeka wa kuanikia kahawa ili zipate nguvu tena. Mchana wingu likatanda. Alizikusanya kwenye kanga, akakimbilia ndani. Kulikuwa giza, na redio ilikuwa inatoa mikwaruzo mezani. Kisha sauti ya Anastazi ikasema, “Shikamoo, mama. Zima sasa, upumzike.”

Laurensia alipapasa swichi. Ilikuwa imezimwa. Betri zote nne zilikuwa kwenye kanga, bado zina joto la jua.