Simu Iliyotaka Jina

Simu ilikataa jina lake. Valarie Nabalayo aliandika "Nabalayo" kwenye nafasi ya mwenye simu, akabonyeza kitufe cha kukubali, na herufi zikafutika moja moja kutoka mwisho, polepole, kana kwamba kuna ulimi unazilamba kwa ndani ya kioo.

"Ketan, hii kitu yako inanichezea."

Ketan hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia kaunta ya duka lake la simu pale Nakuru mjini, bisibisi mdomoni, chini ya ndimu na pilipili ambazo mama yake huzitunga kwenye uzi na kuzining'iniza mlangoni kila Jumamosi ili jicho baya liishie nje.

"Ruka hapo, madam. Weka tarehe, weka saa, songa mbele. Simu ya mtumba huwa na tabia zake."

"Tabia ni za watu. Mashine huwa na kasoro, na kasoro hurekebishwa na aliyeuza."

"Basi chukua hii ya tochi. Haina maneno mengi kama wewe."

Valarie alicheka, lakini ya tochi hakuitaka. Asubuhi nzima alikuwa amezihoji zile simu kama wapinzani jukwaani, kwa maana chuoni, kabla vurugu hazijafunga masomo, yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa mwisho wa timu ya mdahalo. Ya tochi ingempigia na kummulikia njia ya choo, basi. Nyingine ilikuwa na kioo kizuri, lakini kuandika ukurasa mmoja kungemfanya afe ganzi vidole. Hii nyeusi ilikuwa na herufi zote kama taipureta, kalenda yenye kengele, programu ya kuandikia hati ndefu, na waya wa kuhamishia kila kitu kwenye kompyuta ya saiba, duka la intaneti. Na hayo yote aliyahitaji kwa sababu ya mtu mmoja.

Kaka yake, Makhanu, alikuwa akikata maua ya waridi kwenye shamba moja la Naivasha na kukaa chumba cha kupanga Kihoto. Vita vya baada ya uchaguzi vilipofika huko, mwishoni mwa Januari ya mwaka huo wa 2008, simu yake ilizimika. Tangu hapo hakuna aliyemwona akiwa hai, na hakuna aliyemwona maiti. Kila ofisi aliyoingia Valarie, aliambiwa njoo wiki ijayo. Wiki ijayo anakuta ofisa mwingine asiyejua lolote, naye anasema, njoo wiki ijayo.

"Wanategemea nisahau," alimwambia Ketan. "Nataka kitu kisichosahau."

"Hicho hakisahau," Ketan alisema, na akaangalia pembeni.

Nyumbani Kaptembwo, Mama alikuwa kwenye cherehani akishona kaptura za shule. Alinusa kabla ya kuangalia.

"Nani ameleta maua?"

"Maua gani, Mama?"

"Maua yaliyokaa sana kwenye ndoo."

Valarie alinusa pia. Ilikuwa harufu ile ile iliyokuwa kwenye mashati ya Makhanu kila alipokuja likizo: waridi, na chini ya waridi, maji yaliyooza. Ilitoka kwenye simu. Akajiambia huenda mwenye simu wa kwanza alifanya kazi shambani, akaendelea na shughuli. Alipanga majina kwa makundi: hospitali, vituo vya polisi, kambi za waliofurushwa, jamaa. Kwenye kalenda akaweka kila ahadi ya kila ofisa, na kengele yake. Mwisho akafungua hati, akaipa jina la kaka yake na kuandika kila kitu ambacho mtu angeuliza: tarehe ya kuzaliwa, urefu, pengo la meno, kovu la pasi ya makaa kwenye mguu wa kulia. Kabla jioni haijaingia alienda saiba akahifadhi nakala.

Nafasi ya mwenye simu ilibaki tupu.

Majini ya watu wengine hungoja giza. Hili lilianza kesho yake mchana, mvua ikipiga mabati. Simu ililia, na mlio wake haukuwa wowote kati ya ile aliyoichagua Valarie. Ulikuwa kilio cha mtoto mchanga, chembamba, chenye kwikwi. Alibonyeza, kikaendelea. Alizima simu, kikaendelea. Alichomoa betri akaiweka mezani, na kile kipande cheusi kisicho na betri kikalia kwa nguvu zaidi, mpaka jirani akapiga ukuta akauliza mtoto ni wa nani.

Sasa, kwao Wabukusu, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine. Akinyamaza kwenye jina fulani, basi ni huyo marehemu aliyetaka kurudi, na mtoto anapewa jina hilo. Wafu tu ndio huitwa. Mama aliwanyamazisha wanawe wawili namna hiyo, na mikono yake, iliposikia kilio kile, haikumwomba ruhusa. Aliiokota simu, akaipakata.

"Mama, hiyo ni simu!"

"Shhh. Wewe ni Nasimiyu? Wewe ni Wekesa? Wewe ni Kukhu Nekesa, bibi yangu?"

Kilio kilizidi. Mama akataja wa upande wake, akataja wa upande wa marehemu mumewe, akataja hata wale waliokufa kabla hajaolewa, sauti ikimkauka, mvua ikizidi, harufu ya waridi ikijaa chumbani mpaka ikawa na ladha ulimini, na majina ya wafu yalipomwishia aliegemeza kichwa kwenye cherehani akaugua kama anavyougua kila siku tangu Januari:

"Makhanu, mwanangu."

Simu ikanyamaza.

Hawakutazamana. Kwenye kioo, pale palipokataa jina la Valarie, palikuwa pameandikwa: Makhanu.

"Basi amekufa," Mama alinong'ona. "Amekuja mwenyewe kuniambia."

"Hajafa mtu kwa sababu simu imenyamaza."

"Usibishane na mimi, Nabalayo. Leo usibishane."

Asubuhi iliyofuata Valarie alirudisha betri, na simu ya kwanza ilitoka kituo cha polisi Naivasha. "Pole sana, madam. Tumepata meseji. Sasa tunaweza kufunga faili, ama?" Sauti ya afande ilikuwa na furaha ya mtu anayepunguziwa mzigo. Valarie alifungua kalenda. Ahadi zote za maofisa zilikuwa zimefutwa, na Jumamosi kulikuwa na neno moja, Mazishi, na mwaliko ulikuwa umetumwa kwa kila jina alilolipanga.

Alikimbia mjini. Ketan alimwona akiingia na simu mkononi, akarudi nyuma mpaka rafu ikamzuia.

"Usiilete ndani. Tafadhali."

"Ulijua!"

"Nilijua inarudishwa. Kila mtu anasema inakataa jina lake. Nikadhani ni programu." Alishusha sauti. "Mama anasema ni jini lisilo na jina, linatafuta. Umelipatia jina la nani?"

"La kaka yangu. Hatujui kama amekufa."

Ketan alifunga macho. "Basi litataka azikwe. Akizikwa, jina linabaki la jini peke yake. Na huyo kaka, hata kama yuko mahali, hatakuwa na jina la kurudia."

"Na ukaniuzia, Ketan. Ukaniambia weka tarehe, weka saa."

"Pole, Valarie."

"Pole nimeshapewa na polisi. Haitoshi."

Alipofika nyumbani, mlango ulikuwa wazi na jamaa wawili walikuwa wameleta mgomba uliokatwa, umeviringishwa shuka jeupe. Ndivyo kwao huzikwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana: mgomba unashuka kaburini badala yake, na msako unaisha. Valarie aliutazama ukiwa umelazwa sebuleni kwa urefu kamili wa Makhanu, na hasira ikampanda kutoka kwenye visigino. Hoja ilikuwa wazi. Afande anataka afe ili afunge faili. Jamaa wanataka afe ili walale. Jini linataka afe ili liishi. Kati ya hao wote, nani ameuliza ushahidi?

Alitoka na simu nyuma ya nyumba, akafungua hati ya kaka yake, akabadilisha neno moja. Kisha akarudi, akaiweka mezani mbele ya Mama.

"Ongea," akaiambia. "Si unaitwa Makhanu? Msalimie mamako."

"Mama," simu ikasema, na mmoja wa jamaa akatoka mbio, kwa maana ilikuwa sauti ya Makhanu yenyewe, na kicheko chake kidogo cha mwisho wa neno. "Mama, nina baridi. Nizike nipumzike."

Mama alifunika mdomo.

"Ulizaliwa lini?" Valarie aliuliza.

Ikataja tarehe.

"Ulikaa wapi?"

"Kihoto, karibu na ziwa."

"Unaona?" Mama alilia. "Unaona, mwanangu?"

"Bado moja, Mama. Sikiliza wewe, si mimi." Akaigeukia simu. "Una kovu la pasi. Liko mguu gani?"

"Wa kushoto," ikasema simu, haraka, kwa uhakika.

Mama alishusha mikono.

"Wa kulia," alisema polepole. "Ni mimi niliyeiacha ile pasi sakafuni. Ni mimi niliyempaka dawa mpaka akapona. Ni wa kulia."

"Inasoma tu nilichoandika. Na leo nimeiandikia uongo."

Mama alisimama. "Toka kwenye jina la mwanangu," alisema.

Valarie alianza kufuta jina. Alipobonyeza mara ya kwanza simu ilipata joto, mara ya pili ikamchoma, na sauti ya kaka yake ikamsihi, ikamwambia ukinifuta umemfuta, umemuua wewe, kisha ikawa sauti ya mwanamke asiyemjua, kisha ya mzee, kisha sauti nyingi pamoja zikigombania mdomo mmoja, na harufu ya maji yaliyooza ikamfanya atapike pale pale bila kuondoa kidole, na ngozi ya kidole ikibaki kwenye kitufe akaendelea kubonyeza mpaka herufi ya mwisho ikaondoka, na pale mahali pakawa patupu, na kile kilio cha mtoto kikaanza upya.

Mama hakukipakata. Alikaa kwenye cherehani, akakanyaga pedali, akaendelea na kaptura.

"Kilie," alisema. "Hakina mtu."

Mgomba walimpa jirani, ng'ombe wake wakaula. Simu hawakuizika, Valarie alisema kitu kile hakitapewa hata heshima ya mchanga. Ketan alimletea ile ya tochi bila kuulizwa, naye akaiwasha kwa mara ya kwanza ili imwonyeshe tundu la choo. Ile nyeusi ikashuka ikilia. Nakala ilikuwa salama saiba. Jumatatu alimpigia afande wa Naivasha akamwambia, "Fungua tena faili. Nitangoja hewani."

Wiki chache baadaye jirani wa pili, naye Mbukusu, alijifungua. Mtoto alilia tangu alfajiri, na bibi yake akataja wafu wote wa ukoo bila kufanikiwa. Kisha akasita, kwa kuwa naye alikuwa amesikia habari za ule mwaliko.

"Wewe ni Makhanu?"

Kule chooni, kilio chembamba ambacho wapangaji wa ploti walikuwa wakikiita panya kilikatika ghafla, kikisikiliza. Valarie, pale mlangoni kwa jirani, alishika mkono wa Mama.

Mtoto alivuta pumzi, akapiga ukelele uliotikisa mabati.

Mama aliangua kicheko, cha kwanza tangu Januari. "Mtoto hamjui!" alisema. "Amemkataa! Hajawahi kukutana naye huko kwa wafu!"

"Lia, mtoto," Valarie alisema, akiwa tayari anatafuta nambari ya Naivasha. "Lia zaidi. Nataka afande akusikie."