Vumbi Lisilokuwepo

Kila siku tukitoka shule, mimi na mdogo wangu tulipitia kwanza karakana ya mjomba, fundi televisheni. Tulitupa mikoba juu ya redio mbovu, tukamsumbua mpaka atuwekee kionjo, ile filamu fupi ya kuutangaza mchezo mpya wa video uliokuwa unakuja. Ulikuwa mchezo wa wapanda farasi wa zamani, wenye bastola na kofia pana, na ndani yake ungeweza kuzurura utakako, nyikani au mjini, bila mtu kukuzuia. Mjomba alituahidi kwamba siku utakapotoka, sisi ndio tutakaoucheza wa kwanza.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi. Tulimwita Kofia, kwa sababu kofia pana ya marehemu babu haikumtoka kichwani hata chooni. Kionjo kile alikijua chote.

"Dada, ona jasho kwenye shingo ya farasi! Ona vumbi linavyoruka! Punje moja moja, jamani!"

"Mbona daftari lako huliangalii hivyo?" nilimtania.

Jumamosi moja tuliigiza mapambano nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa jambazi, mimi askari, na bastola yangu ilikuwa manati. Nililenga kofia. Jiwe likampata jicho la kushoto.

Alijikunja, kiganja kimeziba jicho, na neno lake la kwanza likawa, "Usimwambie mama. Atatukataza mchezo."

Mimi ndiye mkubwa, nilipaswa kukataa. Badala yake nikamfuta machozi, nikatunga uongo kwamba kidudu kimemwingia. Mama, ambaye ni fundi cherehani, aliacha sare alizokuwa akishona, akaliosha lile jicho jekundu kwa maji safi, akaniamini.

Roho yangu haikutulia. Siku ya tatu, pale karakanani, nilimziba jicho la kulia, lile lisiloumia, kwa ukingo wa kofia. "Haya, unaona nini?"

"Farasi. Anatoka jasho shingoni. Sasa vumbi linaruka."

Alipatia yote. Nikashusha pumzi. Kichwa kilipomuuma, nilimwambia avumilie, siku zimebaki chache.

Siku ya kumi mjomba alituita kwa kelele. Kionjo kipya kimetoka! Nikamziba Kofia jicho lilelile la kulia, nusu kwa mzaha.

"Lo, vumbi hilo!" akashangilia. "Punje moja moja!"

Kwenye kioo cha televisheni kulikuwa na theluji tupu. Farasi alizama ndani yake hadi magotini, na vumbi halikuwepo popote.

Nilimgeukia. "Kofia, huoni?"

Aliuondoa mkono wangu usoni. "Nilisikia kwato, nikadhani kinaanza kama kile cha zamani. Jicho hili ni giza tu, Dada. Tangu siku ile."

Nilimweleza mjomba kila kitu palepale, huku nikilia. Hakunigombeza. Alizima televisheni, akampigia mama simu, tukaenda hospitali.

Daktari wa macho alimpima muda mrefu. Alisema damu ilivilia ndani ya jicho, presha ya jicho ikapanda, ikauharibu mshipa wa fahamu wa kuona. Alimtibu mpaka maumivu yakaisha, lakini kuona hakukurudi.

"Mngemleta siku ileile," alisema, "huenda tungeliokoa."

Mchezo ulipotoka, mjomba alituletea nyumbani. Mama hakutukataza. Kofia aliusogeza uso wake kwenye kioo, shingo ameipinda kidogo, akawa anacheka na farasi wake. Mimi nilishindwa hata kuugusa. Nilikwenda kukaa sakafuni, karibu na cherehani.

"Mama, siku ile ningesema ukweli, ungenifanya nini?"

Mama alisimamisha gurudumu. "Ningekufokea. Ningekunyima mchezo, labda mwezi mzima. Halafu yangekwisha." Alinishika bega. "Ukimuumiza mtu, mwanangu, sema saa ileile, hata kama unatetemeka. Hasira yangu ina mwisho. Jicho la mdogo wako ndilo halirudi."

"Dada!" Kofia aliita. "Njoo, kuna theluji huku! Njoo unisaidie kutazama!"

Nikajifuta uso, nikaenda, nikakaa kushoto kwake.