Fizi za Obed

Uvumi ulitoka Makambako. Mama yake Nelly aliusikia sokoni alikopeleka viazi, akarudi nao nyumbani, kijijini Yakobi.

"Watoto wachanga wanakwisha kule," alisema huku akichochea moto. "Wanaota meno ya plastiki. Mtoto anaharisha, analegea, basi. Yasipong'olewa, unazika."

Nelly, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa anamenya viazi, mdogo wake Obed akiwa mgongoni. Tangu jioni ile maneno hayo hayakumtoka kichwani. Kila asubuhi kabla ya shule alipapasa fizi za Obed kwa kidole, akitafuta plastiki.

Wiki iliyofuata Obed akaanza kuharisha. Mama alikuwa ameshuka tena Makambako na mzigo, hivyo shangazi Bertila ndiye aliyekuja kuwaangalia. Nelly akamweleza aliyoyasikia. Shangazi akamfunua mtoto mdomo. Fizi zilikuwa zimevimba, na ndani yake kulionekana weupe.

"Haya hapa. Twende kwa Yosefu."

"Shangazi, si tuanzie zahanati?"

"Zahanati watampa maji ya chumvi na sukari tu. Unataka mama yako arudi akute msiba?"

Nelly akachukua kanga. Akambeba mtoto.

Yosefu alikuwa fundi baiskeli, na watu walisema meno hayo anayajua. Aliwakalisha nyuma ya nyumba, akachukua spoku ya gurudumu iliyochongwa ncha, akaifuta kwenye suruali.

"Huichemshi kwanza?" Nelly akauliza.

"Tangu lini kifaranga akamfundisha kuku kuchakura? Shika miguu. Bertila, kichwa."

Akaingiza spoku kwenye fizi, akachokoa. Obed alilia kilio ambacho Nelly hajawahi kukisikia kwa mtoto, kisha kilio kikakatika, kikawa mkoromo. Damu ilimjaa mdomoni, ikashuka kidevuni, ikalowesha sweta. Yosefu akachokoa tena, akainua spoku. Kwenye ncha kulikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

"Plastiki hiyo. Bado matatu."

Nelly akakitazama. Kilikuwa laini, kinatikisika, kimeshikwa na nyama. Plastiki gani hiyo?

Yosefu alipoinama mara ya pili, Nelly akaachia miguu, akamng'ata kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote. Yosefu akampiga kofi lililomtupa juu ya rundo la magurudumu. Mdomo ukachanika. Akainuka hivyo hivyo, akampokonya shangazi mtoto, akakimbia.

"Nelly, rudi! Utamuua!"

Shangazi alimfikia barabarani, akanyoosha mkono amchukue Obed. Hapo ndipo alipoona macho ya mtoto yamegeuka. Akasimamisha bodaboda.

Hospitalini mjini Njombe walimtundikia Obed dripu, wakakandamiza shashi fizini mpaka damu ikakata. Mama alifika jioni, akasimama kando ya kitanda, asiweze hata kukaa.

Daktari wa meno, Judith, alimsikiliza Nelly akisimulia yote, kisha akamwosha mdomo, akamshona.

"Kile cheupe kilikuwa nini, daktari?"

"Jino lake, binti. Jino changa linalojijenga ndani ya fizi. Plastiki haioti mdomoni mwa mtu. Kijino kile kina protini zinazojenga gamba gumu la jino. Protini hizo pia hupeleka ujumbe kwa chembe hai za jirani: jengeni mzizi, jengeni mfupa wa kulishika jino. Sisi hata dawa tunayo, imetengenezwa kwa protini hizo. Mtu mzima ambaye fizi na mfupa vimeliachia jino lake, tunampaka kwenye mzizi, na chembe hai zinaamka, zinajenga upya."

"Basi mpake Obed," mama akasema haraka.

Judith akatikisa kichwa. "Dawa ile inaita, mama Nelly. Inaita chembe zilizopo. Mwenye spoku ameng'oa kijino pamoja na chembe zake. Hakuna wa kuitika. Jino lile halitaota, na hata la ukubwani huenda likatoka bovu. Matatu yaliyobaki yako salama, kwa sababu ya huyu binti."

"Na kuharisha?" shangazi akauliza, macho chini.

"Ni maji machafu. Dawa yake ndiyo yale maji ya chumvi na sukari uliyoyadharau."

Siku ya tatu Obed akashika ziwa, akanyonya kwa nguvu. Mama akaketi, akalia.

Judith akamwambia Nelly, "Ulikuwa na shaka, lakini ukashika miguu. Ukiwa na shaka, usishike. Uliza mwenye ujuzi kwanza."

Wasomaji wenye watoto, na ninyi watoto mnaobeba wadogo zenu, epukeni haya:

Kubeba habari ya sokoni na kuifanya dawa.
Kuchokoa fizi za mtoto kwa spoku, sindano, kisu au ukucha.
Kumpaka mtoto dawa yoyote fizini bila kuandikiwa.
Kumnyima maziwa au maji mtoto anayeharisha.
Kuipita zahanati kwa sababu jirani amesema wahudumu wake hawajui kitu.
Kumshikia mtu miguu ya mtoto.