Mtoto wa Sita wa Mama Huruma

Bwana Cyril alihesabu watoto sita, na Yuster alijua hakika kwamba walipaswa kuwa watano.

Watatu aliwazaa mwenyewe: Huruma, Yoeli na Ethel mdogo. Wawili aliwaazima asubuhi ile kwa jirani yake Rukaiya, akawaogesha, akawapaka mafuta na kuwafundisha kumwita mama bila kucheka. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Lakini pale ukutani walipopangwa, mwisho kabisa wa mstari, alisimama msichana wa kama miaka sita, gauni la njano limemning'inia mwilini, macho yake yako sakafuni.

Yuster hakumjali sana, maana akili yake yote ilikuwa kwenye nyumba. Kota zile za watumishi, chini ya milima ya mawe pembeni mwa mji wa Masasi, karibu zote ni za vyumba viwili. Anderson, mume wake, alikuwa mwalimu, na tangu waoane walikuwa humo humo. Watoto walilala sebuleni chini ya meza, jiko la mkaa lilikaa mlangoni, na baba mzima alisahihisha madaftari ya wanafunzi akiwa amekalia ndoo. Pazia ndilo lililowatenga wazazi na watoto, na mambo ya nyuma ya pazia Yuster hakupenda hata kuyafikiria. Sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto yule angelazwa wapi, juu ya kabati?

Nyumba kubwa zilikuwa chache, zote upande wa juu, na kuipata moja ilibidi usubiri mtu astaafu au afe. Mwaka huo daktari mmoja alistaafu akarudi kwao Newala, na watu walianza kupima mapazia ya madirisha yake kabla hajafunga mizigo. Ofisi ilisema nyumba itakwenda kwa mwenye watoto watano au zaidi. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vimeghushiwa mno hadi hakuna aliyeviamini, kwa hiyo msimamizi mpya wa kota, huyo Bwana Cyril, aliamua kupita mlango kwa mlango, akimgusa kila mtoto kichwani na kumwuliza mama mtu, "Wako?"

Alipofika kwa yule wa mwisho, aliuondoa mkono haraka akaufuta kwenye suruali.

"Na huyu?"

Yuster alidhani ni mgeni wa Rukaiya, mpwa wake labda kutoka Tandahimba. Na watu wa kota ndivyo walivyo: mtoto akija na wenzake, anaogeshwa na wenzake, anakula na wenzake, na kuuliza ni wa nani ni kama kumnyima sahani. "Wangu," akajibu kwa sauti ya kumtosha kila mtu. "Wote wangu."

Nyumba wakapewa. Siku ya kuhama, msichana yule alipanda nao akiwa amejitwika mto. Jioni Rukaiya alikuja kuona vyumba, akazunguka akisifia, akamtania Yuster kwamba sasa hata ugomvi wa mume na mke utapata chumba chake. Wakati wa kuaga, Yuster akamwambia asimsahau mtoto wake.

"Mtoto yupi, Mama Huruma? Niliokuazima ni wawili, na wote wako nyumbani. Huyu mimi nilidhani ndugu yenu wa Lupaso."

Wakamtazama yule msichana. Alikuwa amekaa kizingitini akinyonya vidole vya mkono wake, vyote vitano kwa pamoja.

Mjumbe wa mtaa alitangaza, msikitini wakatangaza, kanisani wakatangaza. Hakuna aliyepotelewa na mtoto. Yuster alitaka wampeleke ustawi wa jamii, lakini Anderson akamtuliza. Bwana Cyril anaweza kupita tena wakati wowote, alisema, na kichwa ni kichwa. Tena ni katoto katulivu, kanakula kanalala. Yuster akakubali, maana na yeye alikuwa amekwishaanza kupenda kufunga mlango wa chumba chake.

Basi kilichoanza ni harufu. Ulikuwa msimu wa korosho, na Masasi yote ilinuka mabibo yaliyooza, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Msimu ukaisha, mashambani kukafagiwa, harufu ikabaki ndani mwao. Ilikuwa ile ya bibo lililolala chini ya majani hadi likawa uji, tamu na chungu kwa pamoja, yenye kukaa kooni. Yuster alipiga deki kwa sabuni, kwa ndimu, kwa dawa ya chooni. Akachungulia chini ya kitanda cha wasichana, akakuta sakafu imelowa kitu kizito cha rangi ya chai. Alipokigusa kilivutika kama makamasi. Ndani yake kulikuwa na nywele, na kucha, na vipande vya ugali vilivyotafunwa vikatemwa.

Wakati wa kula ndipo palipomshinda kabisa. Watoto walikula sinia moja, na kila mahali vidole vya yule msichana vilipochota, ugali ulibaki na utelezi unaong'aa, na mlenda ndani ya bakuli ukaanza kutoa povu. Inzi hawakutua kwenye chakula. Walitua kwake, puani na kwenye pembe za mdomo, na yeye aliwalamba mmoja mmoja bila haraka. Huruma aliacha kula na wenzake. Yoeli alikuwa na kidonda gotini ambacho hakikauki, na siku moja mama yake alimkuta yule msichana amekiinamia, akikinyonya kwa sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto, na Yoeli ametulia tuli, macho yamemtoka, hawezi hata kulia. Yuster alimnyakua Yoeli, akamwosha goti kwa maji ya moto na chumvi.

Mchana mmoja wa jua kali, watoto wakiwa shuleni na Ethel amelala pembeni yake, usingizi ulimpitia naye, akaota mtoto wake amekwisha kuzaliwa na ananyonya, ananyonya kwa nguvu mno, na maziwa yanamtoka hadi mgongo unamuuma, akajaribu kumsogeza, mkono wake ukashika nywele zilizolowa, zikateleza na kumbakia kiganjani na ngozi yake, ndipo akafumbua macho na kukuta si ndoto, kinywa baridi kiko kifuani kwake, ile harufu imejaa chumba kizima, na yule msichana anamtazama kutoka chini kwa macho yasiyopepesa. Hakuweza kupiga kelele. Msichana alikiachia kifua, akajifuta kwa mkono, akaweka sikio juu ya tumbo la Yuster kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mtoto wa tumboni, aliyekuwa akicheza tangu asubuhi, akanyamaza.

Kisha msichana akasema. Tangu aje alikuwa hajawahi kusema zaidi ya kuitikia.

"Mama, humu kuna nafasi. Huyu akitoka, mimi nitalala humu."

Yuster hakusubiri jioni. Alimfunga Ethel mgongoni, akawachukua Huruma na Yoeli shuleni, akakodi bodaboda mbili hadi Lupaso kwa kaka yake mkubwa, mjomba wa watoto. Mjomba Barnaba alikuwa katekista mwenye ulimi mkali na tumbo dogo, na watu waliomcheka kwa kuchanganya kitabu cha sala na unga wa mtama ndio hao hao waliomgongea walipofikwa. Akaipokea shikamoo yao huku akigeuza korosho mkekani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: lile neno la wangu, Yuster alilisema mbele ya nani?

"Mbele ya msimamizi wa nyumba, kaka."

Barnaba akatema mate pembeni. "Kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama. Wewe ukisema wangu, umeniletea mpwa. Umeniletea jini niwe mjomba wake." Akatupa korosho mbovu pembeni. "Mapori yamekwisha, kila mahali ni mikorosho na mabati. Hata wao siku hizi wanatafuta nyumba. Na wewe umelipatia na mama juu yake."

"Litaondoka?"

"Utalikana mbele ya huyo huyo uliyemwambia, na mimi nikiwepo. Likikosa mwenyewe, halina pa kukaa. Lakini asitokee mtu wa kulidai. Hata mmoja."

Jioni hiyo Yuster alimweleza Anderson yote kwa simu. Alikuwa na hofu kwamba atamcheka, lakini hakucheka, kwa sababu hata yeye alikuwa ameona mambo ambayo hakuyasema. Wakakubaliana. Nyumba ingepotea, hilo walilijua wote wawili. Anderson aliuliza mara mbili kama hakuna njia nyingine, kisha akasema sawa, atamwita Bwana Cyril.

Yuster akarudi na watoto pamoja na Barnaba, wakakutana kwenye baraza la nyumba mpya mchana wa Jumamosi. Bwana Cyril aliegesha pikipiki yake kwenye kivuli, akakataa chai kwa kisingizio cha haraka, pua yake ikihangaika. Mjomba Barnaba alikuwa amemimina unga wa mtama ukingoni mwa baraza, juu ya ngazi. Yule msichana alikaa kwenye ngazi na gauni lake la njano, ambalo sasa lilikuwa na ukungu mweusi kwenye mapindo.

Yuster alisimama, mkono mmoja tumboni. Alikiri yote, watoto wa kuazima na uongo wake, kisha akanyoosha kidole.

"Huyu si wangu. Sikumzaa na simjui."

Bwana Cyril alikasirika kama mtu aliyekwisha kuandika taarifa yake. Akasema kuna familia zenye watoto saba chumba kimoja, kwamba huu ni wizi kama wizi mwingine, na kwamba wiki ijayo mizigo yao iwe chini. Lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza, maana yule msichana alikuwa amesimama, na ngozi ya uso wake ilianza kulegea, ikateremka taratibu kutoka kwenye mashavu kama utando wa maziwa, na kutoka ndani ya gauni kukawa kunadondoka maji mazito ya rangi ya chai, yakitiririka ngazi hadi ngazi, na kila hatua aliyopiga kwenda chini alikuwa mfupi kuliko hatua iliyotangulia, na Yuster akasikia mtoto wake wa tumboni anapiga teke, teke la kwanza baada ya siku kadhaa.

Anderson naye alikuwa akitazama, lakini si ngazi. Alitazama dirisha la chumba chenye meza yake, meza halisi yenye droo, na madaftari yamepangwa juu yake. Yuster aliona anachotaka kufanya kabla hajakifanya, akamshika mkono.

"Baba Huruma. Nakuomba."

"Ni wangu," Anderson akasema, akimtazama Bwana Cyril. "Nilizaa nje. Mke wangu ana hasira tu. Hao watatu, huyo wa tumboni, na huyu. Watano."

Bwana Cyril aliwaangalia mume na mke, akaangalia saa. Mambo ya kuzaa nje yeye hayamhusu, akasema, na mtoto wa tumboni atakubali kumhesabu kwa mara hii tu. Hakuangalia ngazi hata mara moja. Akawasha pikipiki akaondoka, ana furaha kupata hewa.

Chini ya ngazi yule msichana alikuwa amesimama. Ngozi ilipanda ikarudi mahali pake, ikiwa imekaa upande kidogo. Akampita Yuster bila kumtazama, kama mtu anayempita mpangaji aliyehama, akaruka ule unga akaenda kwa Anderson. "Baba," akasema.

Mjomba Barnaba alikung'uta mfuko wake wa unga. "Mimi ni mjomba wa hawa watatu na wa huyo anayekuja," alimwambia Anderson kwa sauti ya chini. "Huyo wako hana mjomba. Hakuna wa kukusaidia."

Yuster aliwachukua watoto wake kama walivyo, bila nguo wala vyombo. Alikuwa na hasira kuliko woga, na laiti asingekuwa na mtoto mgongoni angerudi kumzaba Anderson kibao. Walipofika njia panda Yoeli akageuka, na yeye akageuka kumzuia.

Anderson alikuwa amekaa kwenye kiti cha barazani, na yule msichana amempanda mapajani na kumkumbatia shingo. Anderson alifungua kinywa, labda amwite mke wake. Vidole vinavyong'aa viliingia kwanza, vyote vitano kwa pamoja, kisha kiganja, kisha kiwiko, bila haraka, na miguu ya Anderson ikawa inapigapiga sakafu, na kichwa chenye nywele zilizolowa kikainama, kikaweka sikio kwenye tumbo lake, kikasikiliza.

Yuster alimfunika Yoeli uso kwa kanga. Wakashuka kuelekea stendi.