Gitaa la Nne

"Geuka, tazama ukuta."

"Nitazame ukuta kwani nimekosa nini? Nimekuja kununua gitaa, kaka, sijaja kuadhibiwa."

"Ukiliona, macho ndiyo yatakayochagua. Utabeba linalong'aa, halafu utalirudisha umenuna. Geuka usikilize."

Niligeuka nimekumbatia mkoba. Mimi ni msusi, kutwa nzima natazama visogo vya watu, na sijazoea mtu kutazama changu. Jamaa mwenyewe mtaani wanamwita Nyuzi. Alikuwa fundi na muuzaji wa magitaa ya mitumba katika duka la dada yake, duka jembamba linalonukia gundi na vumbi la mbao.

"Niambie kwanza, la nani?"

"La baba. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi mpaka kiharusi kilipompitia. Mkono wa kushoto umelegea. Hospitali wamesema vidole vipewe kazi vinayoipenda."

"Na gitaa lake?"

"Mchwa walilimaliza zamani. Nimeshampelekea mawili ya bei yangu. La kwanza aliligusa mara moja akasema, 'Sufuria hili, mpelekee shangazi yako apikie.' La pili hakuligusa kabisa. Sasa amegoma hata kuunyoosha mkono. Anakaa nao mapajani kama si wake."

Sauti yangu ilitetemeka hapo mwisho, nami nilijisemea afadhali nimegeukia ukuta.

Nyuzi akaanza kupiga. Wimbo ule ule mfupi, kila mara kwa gitaa jingine.

"La kwanza?"

"Kelele."

"La pili?"

"Linaongea puani."

"La tatu?"

"Hilo baba atasema sufuria yenye mfuniko."

Akacheka. Kisha akapiga la nne, na mimi nikausahau mkoba mpaka ukaniponyoka. Sauti ilikuwa nene na ya upole, na kila uzi ulisikika peke yake. Nilimwona baba kabla hajaugua, ameketi mlangoni na kuniimbia jina langu huku nikichelewa shule.

"Hilo," nikasema.

Nikasikia kigoda kikilia nyuma yangu.

"Kaka, nimesema hilo."

"Subiri. Narudia, nitayachanganya."

Akayachanganya. Nikamwambia, "Sasa umelipiga la pili." Akayachanganya tena. Nikamwambia, "Sasa umeanza nalo. Unanichosha, nifungie hilo hilo."

Nilipogeuka nilikuta gitaa baya kuliko yote dukani. Rangi imebanduka, tumboni lina kiraka cha mbao ya rangi nyingine, na limeazima kishikio kimoja cha kukazia nyuzi kutoka gitaa jingine. Nyuzi amelishika kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuporwa.

"Hili... hili haliuzwi."

"Haliuzwi kwa amri ya nani?" Dada yake alipaza sauti kutoka kwenye kaunta. "Kila kilichomo humu kinauzwa, hata hicho kigoda ulichokalia! Miaka yote linatukalia nafasi, leo limepata mwenyewe unaleta maneno? Mpe mteja gitaa lake."

Bei yake ilikuwa chini hata ya niliyojiandalia. Nyuzi alilifuta taratibu, akalifunga kwa koti lake mwenyewe, akachukua na namba yangu ya simu.

"Usiliweke juani. Wala karibu na jiko. Na usiliegemeze, lilaze."

"Kaka, umeniuzia gitaa au umenipa mtoto mchanga?"

Hakucheka.

*

Baba alilitazama lile gitaa akakunja uso. Nikamwekea mapajani. Akaburuza kidole gumba cha mkono mzima juu ya nyuzi, mara moja tu, kisha akafumba macho.

"Umelitoa wapi?"

"Dukani, baba."

"Hili si la dukani."

Akaushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaupeleka juu ya shingo ya gitaa, akakibonyeza kidole kimoja kimoja. Vikateleza. Akavirudisha. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Jioni hiyo simu yangu ikaita mlio wa ujumbe.

"Habari za jioni. Nyuzi hapa. Anaendeleaje?"

"Baba hajambo, asante kwa kumjali."

"Namshukuru Mungu. Na gitaa?"

Nikasonya peke yangu chumbani. Lakini nikajibu.

Kesho yake akapiga simu, akauliza tena. Na keshokutwa. Ikawa desturi. Nikifunga saluni tu, simu hiyo. Siku moja akaniomba niiweke simu karibu na baba asikilize anavyojaribu. Nikaiweka. Baba akapiga vibaya, akakosea, akatukana kidogo, akarudia. Nilipoichukua simu nikasikia mtu anavuta kamasi.

"Unalia?"

"Mafua."

"Mafua ya ghafla hayo."

"Msusi, baba yako leo amebonyeza uzi wa tatu. Umesikia? Ameubonyeza ukakaa!"

Nilikuwa sijasikia. Yeye, huko alikokuwa, alisikia. Usiku ule nilijilaza nikitabasamu kama mwehu, kisha nikajikemea. Mwanaume analipenda gitaa, mimi ni mtu wa kupokea simu tu.

*

Aliyenitoa ujinga ni dada yake. Alikuja saluni kusuka, na mtu akishakaa mbele ya msusi, siri hazikai.

"Hivi lile gitaa bado mnalo?"

"Tunalo, dada. Baba hataki hata tulihamishe."

"Ndugu yangu alilitengeneza mwenyewe. La kwanza maishani. Marehemu mama ndiye aliyekuwa akimshikia mbao gundi ikauke. Kile kiraka ni mlango wa kabati la mama."

Chanuo likasimama mkononi mwangu.

"Na ukamwacha aniuzie?"

"Nilitaka liondoke! Tangu mama afariki, duka likifungwa yeye analala nalo kule nyuma, hatoki, hana rafiki. Nikasema kila gitaa la bei ya chini, hata lile, lazima mteja alisikilize. Hakuna aliyewahi kulichagua, nami nikaamini ni bovu. Kumbe alikuwa analipiga vibaya makusudi kila mteja akigeukia ukuta!"

"Mbona mimi alilipiga vizuri?"

"Kamuulize mwenyewe. Na unanivuta nywele, mdogo wangu."

*

Jioni nilimweleza baba yote. Alililaza gitaa kitandani.

"Mrudishie."

"Na mkono wako, baba? Ndiyo kwanza umeanza kuamka!"

"Gitaa la mama yake, mwanangu. Siwezi kupona kwa kitu cha kumliza mtu."

"Utagoma tena."

"Sijasema nitagoma. Kijana anafunga duka jioni, si ndiyo? Nawe unafunga saluni jioni. Mpe gitaa lake, mwambie awe anakuja nalo, tulipige kwa zamu." Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Kiharusi kilichukua mkono tu. Macho kimeniachia."

Nikatoka na gitaa limefungwa kwenye lile koti. Nyuzi aliponiona akasimama ghafla, kigoda kikaanguka.

"Limeharibika?"

"Geuka, tazama ukuta."

"Msusi..."

"Geuka!"

Akageuka. Kisogo chake kilikuwa kinahitaji kunyolewa.

"Kwa nini siku ile ulilipiga vizuri?"

Alikwaruza rangi ya ukuta kwa kucha.

"Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Kulipiga vibaya. Ulisema baba yako anaukalisha mkono mapajani kama si wake, sauti yako ikatetemeka. Nikataka usikie kitu kizuri. Nilipozinduka wimbo umekwisha, nawe umeshasema 'hilo'."

"Si ungeng'ang'ania kwamba haliuzwi?"

"Ningeng'ang'ania vipi? Nilikutazama ulivyogeuka, nikaona kama mama mwenyewe ndiye amekuchagulia."

"Na zile simu za kila siku? Gitaa, gitaa, gitaa!"

"Sasa ningeuliza nini?" Masikio yake yalikuwa yamewiva kwa aibu. "Gitaa sikuwa na wasiwasi nalo hata kidogo. Nilikuwa nataka kusikia ukisema 'haloo'."

Nilimwendea pale pale ukutani, nikaliweka gitaa mikononi mwake, na mikono yangu nikaiacha juu ya yake.

"Nakupenda," nikasema. "Na baba anakuita nyumbani."

*

Alikuja. Alisema, "Shikamoo baba," na baba akamjibu, "Marahaba, kaa hapa, umechelewa." Wakapiga kwa zamu jioni ile, na jioni zilizofuata. Baba alipoweza kubonyeza nyuzi zote, Nyuzi akamtengenezea gitaa lake mwenyewe, nami ndiye niliyeshika mbao gundi ikauke. Ndilo baba alilopiga siku ya harusi yetu. Alikosea mara nyingi, watu wakacheza vile vile.

Gitaa la kiraka lilirudi dukani likawekewa bei tena, kwa kuwa wifi yangu ni yule yule: kila kilichomo humu kinauzwa.

Juzi Nyuzi alikuwa nyuma ya duka na gundi mikononi, nikahudumia mimi. Akaingia kijana mmoja nadhifu, anatafuta gitaa la bei nafuu lenye sauti nzuri.

"Geuka, tazama ukuta," nikamwambia.

Nikampigia wimbo mfupi alionifundisha Nyuzi, kwa la kwanza, la pili, la tatu. Nilipofika la nne, lile la kiraka, nikalegeza uzi mmoja, nikalikwaruza kwa kucha mpaka mwenyewe nikasisimka.

"Mh! Hilo la mwisho ni baya kweli, dada."

"Baya kabisa, mdogo wangu," nikasema. "Hilo usilifikirie hata kidogo."

Nyuma ya pazia, mume wangu alikuwa anacheka na kujifanya anakohoa.