Upepo Kwenye Breki

Kila Jumamosi, vyombo vya chai vikishaoshwa, msichana mmoja wa darasa la sita alivaa gauni lake kuukuu, akajifunga kitambaa kichwani na kwenda na baba yake gereji. Baba yake alikuwa fundi wa magari, na kwa kazi ya breki hakuwa na mpinzani mtaani. Msichana alikuwa na jina zuri kabisa alilopewa na wazazi wake, lakini jina hilo lilitumika shuleni tu, wakati wa kuita mahudhurio. Kwingine kote aliitwa Chiriku, kwa sababu maneno yalimtoka kama huyo ndege wa asubuhi, bila nukta wala mkato. Baba yake alizoea kusema kwamba binti yake akinyamaza, basi ama amelala ama ana homa.

Gereji yenyewe ilikuwa ndogo: paa la bati, sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta ya miaka mingi, na ubao ukutani uliochorwa umbo la kila spana ili isiyorudishwa ijulikane mara moja. Chiriku alifuta spana, akaokota nati na kuzitia kwenye kopo, na kumpa baba yake habari zote za mtaa bila kuombwa.

Jumamosi hiyo aliingia mkunga wa hospitali na kigari chake cha bluu.

"Karibu, mama," alisema fundi. "Umelileta gari, au limekuleta lenyewe?"

"Limenileta lenyewe, ndiyo maana nimekuja," alijibu mkunga akishuka. "Nikikanyaga breki, pedali inazama kama nimekanyaga godoro. Jana nilitaka kusimama kabla ya kivuko cha watoto, nikasimama katikati yake. Na leo usiku nina zamu. Barabara ya hospitali unaijua, mteremko mtupu."

Fundi aliinama, akachungulia, akapitisha kidole chini ya pampu ya breki. Kilitoka kimelowa. "Pampu inavuja," alisema. "Dawa yake ni pampu mpya."

Pampu mpya haikuwa mbali. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, aliyeuza vipuri vya magari. Mtaa mzima ulimwita Bi Spea. Yeye na fundi walikuwa majirani wa kazi tangu Chiriku hajazaliwa, na fundi hakuwahi kununua kifaa cha breki kwingine.

Pampu ilipokwisha kufungwa, fundi alimwita binti yake mbele ya gari, chini ya boneti iliyoinuliwa.

"Sasa tunatoa upepo," alisema. "Mafuta ya breki hayabonyei, lakini upepo hubonyea. Ukikanyaga pedali, mafuta yanasukuma breki mpaka zinabana gurudumu. Upepo ukiwa ndani, mguu wako unaminya upepo tu, na gari linaendelea na safari zake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

"Kazi yako ni moja. Linda hiki kijitangi cha mafuta ya breki. Mafuta yakikaribia mstari wa chini, niambie na uongeze. Yakiisha, kitavuta upepo na kazi yote itakuwa bure."

Mkunga aliketi kwenye usukani kukanyaga, na fundi akalala kando ya gurudumu la nyuma na spana yake. "Kanyaga! Shikilia!" Akafungua skurubu ndogo, mafuta machafu yakatoka na mapovu, akafunga. "Achia! Kanyaga tena!"

"Mimi kila siku ndiye ninayewaambia wanawake wenzangu wasukume," alisema mkunga akicheka. "Leo yamenigeukia."

"Vumilia, mama, mtoto anakaribia," alijibu fundi kutoka chini.

Magurudumu matatu yalikwenda vizuri. Chiriku alitazama kijitangi bila kupepesa, akaongeza mafuta kila yalipopungua. Walipofika gurudumu la mwisho, wasichana wawili wa darasa lake walipita nje na mpira.

"Chiriku! Eti ni kweli mbuzi aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu?"

Jamani, swali kama hilo mtu atalijibu kwa kutikisa kichwa tu? Chiriku aligeuka. Akaeleza jinsi mbuzi alivyoingia, jinsi alivyotafuna ratiba ya mitihani kuanzia Jumatatu, na jinsi mwalimu mkuu alivyomfukuza kwa rula. Akaigiza mbuzi, akamwigiza na mwalimu mkuu. Wenzake walicheka mpaka mpira ukawatoka mikononi, wakaukimbilia.

Ghafla nyuma yake akasikia mkoromo mdogo, kama wa mtu anayemaliza soda kwa mrija. Alipogeuka, kijitangi kilikuwa kitupu. Alichukua chupa, akamimina mafuta haraka mpaka mstari wa juu, akapangusa tone lililomwagika. Boneti ilikuwa imemficha, na hakuna aliyemwona.

"Tayari!" alisema fundi akikaza skurubu ya mwisho. "Mama, ionje."

Mkunga alikanyaga. Akakanyaga tena. "Fundi, godoro bado lipo."

Fundi aliingia mwenyewe, akakanyaga, akakunja uso. Alikuja mbele akatazama kijitangi. Kilikuwa kimejaa vizuri.

"Chiriku, mafuta hayakuisha hata mara moja?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Lakini mkunga alikuwa anamtazama, na baba yake alikuwa amechoka, na neno fupi lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Hapana, Baba. Nilikuwa naangalia."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakumwuliza mara ya pili, na hilo ndilo lililomchoma Chiriku zaidi.

Mkunga alikwenda nyumbani kulala kidogo kabla ya zamu, akaahidi kurudi jioni. Fundi aliketi juu ya tairi, kitambaa begani, akawaza kwa sauti.

"Kama upepo haukuingia, basi pampu yenyewe ni mbovu. Na pampu ni mpya. Basi ni bandia." Alitikisa kichwa kwa uchungu. "Bi Spea! Bi Spea kuniuzia mimi bandia!"

Aliifungua pampu, akaifuta, akairudisha kwenye boksi lake na kumkabidhi binti yake. "Mpelekee. Mwambie baba anasema hii ni bandia, na breki si kitu cha kuchezea. Maneno hayohayo, usiongeze la kwako."

Chiriku alivuka barabara. Boksi lile halikuwa zito, lakini alilibeba kwa mikono miwili kama amebeba jiwe la kusagia. Dukani alimkuta dereva wa teksi ameegemea kaunta, anasubiri kifaa chake.

"Shikamoo, Bi Spea."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo unatembea kama umeagizwa msiba?"

Chiriku aliweka boksi juu ya kaunta. "Baba anasema hii ni bandia. Na breki si kitu cha kuchezea."

Aliyasema kwa sauti ndogo, lakini dereva wa teksi alikuwa na masikio mazuri. "Kumbe!" alisema akijiinua. "Nilitaka kununua hapa pedi za breki. Asante, mtoto, umeniokoa." Akatoka bila hata kuaga.

Bi Spea hakumwita. Alivaa miwani, akaigeuza pampu huku na huku. Chiriku alitamani agombe, aseme fundi amekosea, apige meza. Hakufanya hata moja.

"Baba yako ndiye aliyesema?"

"Ndiye."

"Basi ni kweli. Baba yako hasemi jambo la breki kwa kubahatisha."

Alichukua ngazi, akaiegemeza kwenye rafu, akapanda polepole akiugulia magoti. Akaanza kushusha maboksi mengine ya pampu, moja baada ya jingine, na kuyapanga sakafuni. Kisha akatoa nyundo chini ya kaunta.

"Unafanya nini, Bi Spea?"

"Zote zimetoka katoni moja, mwanangu. Kama hiyo ni mbovu, siwezi kumuuzia mtu hizi. Na nikizitupa nzima, mtu ataziokota na kuziuza. Hasara nitaibeba, lakini sibebi damu ya mtu." Akafungua boksi la kwanza, akaiweka pampu chini, akainua nyundo.

"Usivunje!" Chiriku alipiga kelele mpaka mwenyewe akashtuka. "Pampu ni nzima! Mbovu ni mimi!"

Nyundo ilibaki juu. Maneno yakamtoka Chiriku yote kwa pamoja, yamechanganyika na machozi: mbuzi, rula, mkoromo, kijitangi kitupu, na lile jibu alilompa baba yake. Bi Spea alishusha nyundo, akaketi juu ya ngazi yake.

"Baba yako anajua?"

"Hapana."

"Na yule dereva?"

Chiriku alitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Yule ameondoka na jina langu," alisema Bi Spea taratibu. "Nimelijenga tangu niko msichana. Pampu ningeweza kununua nyingine."

Chiriku hakungoja kuambiwa. Alikimbia mpaka kituo cha teksi, kitambaa kikimdondoka njiani. Dereva yule alikuwa kati ya wenzake, tayari anasimulia. Aibu ilimjaa Chiriku mpaka masikioni, na miguu ikataka kurudi. Akasimama mbele yao wote.

"Shikamooni! Nimekuja kusema kwamba duka la Bi Spea haliuzi bandia! Pampu ni nzima. Mimi ndiye niliyeachia mafuta yaishe, nikamwambia baba uongo!"

Dereva mmoja akacheka. Yule wa kwanza alijikuna kidevu. "Dukani ulinong'ona, hapa unapiga kelele?"

"Kule ulikuwa peke yako," alijibu Chiriku akihema. "Hapa mpo wengi."

Kisha dereva huyo akachukua funguo zake na kuelekea dukani kuzifuata pedi zake.

Safari ngumu kuliko zote ilikuwa ya kurudi gereji. Chiriku alipitia dukani kuichukua pampu, akaiweka mbele ya baba yake na kumweleza kila kitu, safari hii kwa maneno machache. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Angemfokea ingekuwa nafuu. Alinawa mikono kwa sabuni, akafuta, akavuka barabara mwenyewe kwenda kuomba radhi, kwa kuwa ujumbe ule ulitoka kwake na hakuona haki kumwachia mtoto mzigo wote.

Alirudi pamoja na Bi Spea.

"Nimekuja kukanyaga hiyo pedali," alisema mama huyo akijipenyeza kwenye usukani. "Mkunga amelala. Na wewe, Chiriku, siku nyingine ukikosea, sema kabla sijapanda ngazi. Magoti haya si ya mchezo."

Pampu ikafungwa tena. Chiriku alisimama kwenye kijitangi chake, macho hayabanduki.

"Kanyaga! Shikilia!"

Mapovu yalitoka mengi kuliko mara ya kwanza, maana juu ya upepo aliouingiza Chiriku, mwingine uliingia pampu ilipofunguliwa. "Baba, ngoja! Yanakaribia mstari wa chini!" Fundi akangoja. Chiriku akaongeza. "Endelea!" Wakaendelea hivyo gurudumu kwa gurudumu, hadi yakatoka mafuta safi matupu. Bi Spea alikanyaga mara ya mwisho, na pedali ikakataa kuzama.

"Sasa hili ni jiwe, si godoro," alisema.

Jioni mkunga alirudi na sare yake nyeupe. Fundi alikaa pembeni yake, wakazunguka mtaa. Kila alipotaka kusimama, gari lilisimama palepale. Waliporudi, Chiriku alikuwa mlangoni anamngoja mkunga, akamweleza mwenyewe nani aliyemchelewesha na kwa nini.

Mkunga alimsikiliza huku akifunga mkanda. "Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema. "Wengine wanaisema kama methali. Mimi kazini naiona kwa macho." Akawasha gari.

Fundi na binti yake walisimama kando ya barabara wakilitazama likishuka mteremko. Chini kwenye kivuko, watoto waliokuwa wakitoka kuteka maji walianza kuvuka na ndoo zao. Taa nyekundu za nyuma ziliwaka, na kigari cha bluu kikasimama kabla ya mstari, kimetulia. Watoto wakavuka bila hata kugeuka. Chiriku alishika mkono wa baba yake na kuubana.

"Baba, nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila nisikilize," alisema fundi. "Mafuta kuisha ni kosa. Hata mimi yamewahi kuniishia. Kosa lile tungelitoa kwa muda mfupi tu, tukacheka, tukaendelea. Lakini uliponijibu vile, niliacha kutafuta upepo nikaanza kutafuta mwongo, na nikamwona mwongo kwa Bi Spea."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Nikiwa nimelala chini ya gari, mwanangu, huku juu sioni. Nikikuuliza kama mafuta yapo, sikutegi, wala sitafuti mtu wa kumgombeza. Nauliza kwa sababu sina macho mengine ila yako. Ukisema yapo, mimi nafunga skurubu, na mtu anaingia barabarani akiamini."

Kule chini mtoto wa mwisho alikanyaga ng'ambo ya barabara, na gari la mkunga likaondoka taratibu kuelekea hospitali.