Chupa ya Vichwa Mia Nne

Asubuhi hiyo mama alipokea chai iliyotoka jikoni ikitokota, akaigugumia yote bila kupuliza. Akarudisha kikombe, midomo imebabuka, akasema, "Tamu, mwanangu. Niongeze."

Binti yake alibaki ameduwaa na birika mkononi. Alipaswa kuogopa papo hapo, lakini alifurahi, na tusimlaumu upesi. Kwa miezi minane ugonjwa wa mifupa ulikuwa ukimliza mama hata akigeuziwa mto, na sindano za hospitali zilikuwa hazimsaidii tena zaidi ya maji. Leo huyu hapa, ameketi mwenyewe, anatabasamu.

Binti huyo alikuwa mkemia. Machinjioni walimwita Bi Barafu, maana kila alfajiri alifika na ndoo za barafu kuomba bongo za kondoo zikiwa bado na joto, na wachinjaji wakamtania kwamba mume atakayemwoa atakoma kwa supu ya bongo. Alikuwa akitafuta peptidi, mnyororo mfupi wa protini ambao ubongo hujitengenezea wenyewe ili kutuliza maumivu. Kila kichwa kina chembe tu, isiyoonekana kwa macho. Alisaga, akachuja, akakausha, vichwa mia nne kwa mwaka mzima, mpaka akapata chupani unga mweupe usiotosha kufunika ukucha. Panya waliodungwa unga huo walikaa juu ya bamba la moto wakijilamba manyoya. Siku hiyohiyo, bila kumwambia mtu, Bi Barafu alitia kidogo kwenye sindano akaenda kumdunga mama yake, usiku wa kuamkia asubuhi ile ya chai.

Siku ya pili nyumba ilianza kunuka manyoya yaliyolowa. Alifua mashuka, akapiga deki chumba kizima, lakini harufu haikubanduka kitandani kwa mama. Siku ya tatu, mchana kweupe, akasikia kwato zikikwaruza sakafu, taratibu, kama za wanyama wanaosogea mmoja mmoja.

"Mama," alinong'ona, "umesikia?"

"Wamepanga foleni," mama akajibu bila kufumbua macho. "Usiwasumbue."

Siku ya nne alirudi kutoka kazini saa nane, akaukuta mlango wazi na harufu ile imejaa hadi barazani, na ndani yake harufu nyingine ya kitu kinachoungua ambacho hakikuwa chakula, akaita asijibiwe, akaita tena huku akisukuma pazia la jikoni, na mama yake, ambaye hakuwa amesimama tangu mwaka jana, alikuwa amesimama wima mbele ya jiko, amelaza kiganja juu ya moto, anautazama kwa upole huku akitafunatafuna mdomo mtupu.

Mganga aliletwa kabla jua halijazama. Kazi yake ya siku zote ilikuwa ufundi wa kushona nguo, na alikuja na uzi ungali umening'inia kwenye kola, akiwa mtu asiyependa maneno mengi. Alimketisha mama, akauliza, "Nani amekuleta humu?"

Sauti zilizojibu zilitoka koo moja, lakini zilikuwa nyingi.

"Hatukuletwa. Tumekusanywa. Kila mmoja alikaa kwenye kichwa chake, kidogo tu, akingoja siku moja. Kisu kikigusa shingo, tunamwondolea mnyama uchungu ili aende kimya. Hiyo ndiyo kazi yetu. Huyu binti ametutoa kwa mia nne akatumimina kwa mmoja."

"Basi tokeni."

"Twende wapi? Vichwa vyetu mmeshavisaga."

Fundi aliguna, akamvuta Bi Barafu pembeni. "Dada, jini hili halifukuziki. Halina pa kurudi. Likikaa zima kwa mama yako litamfanyia kazi linayoijua, na kesho kutwa hafiki. Ninachoweza ni kuligawa."

"Likigawanywa?"

"Mama atabaki nawe. Maumivu yatarudi. Na nusu ya pili lazima ipate mtu."

"Nipe mimi," alisema Bi Barafu, machozi yakimtiririka. "Nipe, baba. Bila yeye sina mtu."

Fundi alifunga uzi kutoka kidole gumba cha mama hadi cha binti, akasoma kwa sauti ya chini hadi jasho likamdondoka kidevuni. Kwato zikavuka chumba. Uzi ukakatika wenyewe.

"Mama weee!" Ilikuwa sauti ya mama, yake peke yake. "Mkono wangu! Mifupa yangu! Mwanangu, uko wapi? Nishike, mwanangu, nishike!"

Fundi, aliyekwisha kuona mengi, alifuta macho kwa mkono wa shati. Akageuka kumpisha binti apite.

Bi Barafu alikuwa amesimama palepale. Aliutazama mkono ulioungua. Alisikia jinsi anavyoitwa, akajua kabisa kwamba mtu akiitwa hivyo hukimbia. Akapatafuta ndani yake mahali palipomuuma kwa ajili ya mama miezi minane yote, asipaone.

"Dada," fundi alisema, "mama yako anakuita."

"Nasikia," akajibu kwa upole, akavuta kiti, akaketi.